Kuchagua bima ya afya ya watumishi wa mkataba wa halmashauri: mwongozo kwa maafisa utumishi wa Mtwara na Lindi

Mtumishi wa kudumu wa halmashauri hahitaji kutafutiwa bima, kwa sababu sheria iliyoanzisha Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) mwaka 1999 ilikwisha kumaliza suala lake. Kila mwezi anakatwa asilimia 3 ya mshahara, mwajiri anaongeza asilimia 3, na jumla hiyo ya asilimia 6 inaingia NHIF, ambako yeye, mwenza wake na wategemezi wasiozidi 4 wanatibiwa kwa kadi. Kazi ya kuchagua inaanza kwa wale ambao mishahara yao inatoka kwenye mapato ya ndani: dereva wa mkataba, mwendesha mtambo, mlinzi, mtunza kumbukumbu wa masijala, mhudumu wa afya aliyeajiriwa ili kuziba pengo la ikama, yaani idadi ya watumishi wanaotakiwa. Katika halmashauri zetu 15 za Mtwara na Lindi watu hawa wapo, wanafanya kazi ileile na wenzao wa kudumu, na tofauti yao huonekana siku mmoja wao anapougua.

Ninaandika kwa ajili ya afisa utumishi aliyeitwa na mkurugenzi wake na kuambiwa atafute bima ya watumishi hao, akatoka ofisini bila kujua aanzie wapi. Mimi pia nilianzia hapo, na nilianza vibaya.

Katika halmashauri niliyokuwa nikifanya kazi miaka kadhaa iliyopita, tulichagua kampuni kwa kutazama mambo mawili tu: ada yake ilikuwa ndogo, na kijitabu chake cha vituo vya matibabu kilikuwa kinene. Mwezi wa tano wa mkataba, dereva wetu mmoja alimpeleka mke wake hospitali usiku, uchungu umemshika na mtoto amekaa vibaya. Hospitali hiyo ilikuwamo katika kijitabu, ukurasa wa pili. Mhudumu wa dirishani aliipokea kadi, akaigeuza, akamrudishia na kumweleza kwa upole kwamba kadi za kampuni hiyo walikwisha kusitisha kuzipokea tangu miezi mitatu nyuma kwa sababu madai yao hayajalipwa. Mama alipasuliwa salama, namshukuru Mungu, lakini bili ililipwa kwa fedha taslimu ambazo yule dereva alizipata kwa kuuza korosho zake kwa kangomba, yaani kwa walanguzi kwa bei ya kutupa, zingali mitini. Siku iliyofuata alikuja ofisini kwangu, akaiweka kadi juu ya meza, akakaa kimya. Tangu hapo sijapendekeza kampuni yoyote kabla sijafika mwenyewe kwenye dirisha la bima la hospitali na kuuliza jinsi inavyolipa.

Anza na orodha ya watu

Kabla ya kuzungumza na kampuni yoyote, iandikie barua ofisi ya NHIF ya mkoa, ambatanisha idadi ya watumishi wa mkataba na muda wa mikataba yao, kisha uliza ni nani kati yao anaweza kusajiliwa kama mwajiriwa na kwa utaratibu upi. Hatua hii hurukwa mara nyingi kwa kudhani kwamba mfuko ni wa watumishi wa kudumu peke yao. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imempa mwajiri wajibu wa kumwandikisha mwajiriwa wake katika skimu ya bima ya afya, na kwa kuwa utekelezaji wake unakwenda hatua kwa hatua, jibu alilopewa mtangulizi wako huenda si jibu la leo. Pata jibu la maandishi na uliweke kwenye jalada, kwa kuwa mkaguzi atakapouliza kwa nini halmashauri ilinunua bima ya kampuni ilhali mfuko wa serikali upo, barua hiyo ndiyo itakayokujibia.

Orodha yenyewe iandaliwe kwa uangalifu kuliko tunavyoandaa orodha za posho. Iwe na jina la mtumishi kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, kituo chake cha kazi, tarehe ya mwisho ya mkataba wake, mwenza wake, na watoto pamoja na tarehe zao za kuzaliwa. Hapa kwetu jina moja lina sura nyingi: kitambulisho kinasema Hamisi, cheti cha kuzaliwa cha mtoto kinasema Khamis, cheti cha ndoa kinasema Hamis, na mfumo wa kompyuta unaona watu watatu tofauti. Mtoto wa namna hiyo hukataliwa usajili, na mzazi hugundua hivyo siku mtoto ana homa. Wape watumishi muda wa kutosha wa kurekebisha vyeti kabla orodha haijapelekwa popote.

Lipo pia suala la ndoa za wake zaidi ya mmoja, ambalo maofisini tunaona haya kulitaja ingawa liko wazi katika jamii yetu. Skimu nyingi zimeandikwa kwa mwenza mmoja. Uliza mapema kama mke wa pili anaweza kuongezwa, kwa ada gani, na nani atailipa, halafu watangazie watumishi wote utaratibu huo ili kila mmoja afanye uamuzi wa familia yake akijua. Ukikaa kimya, jambo hilo litaamuliwa na mhudumu wa dirishani mbele ya mgonjwa.

Mawakala wanaokusanya ushuru kwa mashine na kulipwa kamisheni si waajiriwa, kwa hiyo usiwaingize kwenye orodha bila uamuzi wa menejimenti na ushauri wa mwanasheria wa halmashauri. Vilevile, ajali na magonjwa yatokanayo na kazi yana mfuko wake, yaani Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Hakikisha watumishi wa mkataba wamo humo, kisha usikubali kuuziwa tena kinga ileile ndani ya bima ya afya.

Fuata njia anayopita mgonjwa

Chukua orodha uliyoiandaa, ipange kwa vituo vya kazi, kisha jiulize kwa kila kituo: mtumishi aliyeko hapa, mtoto akishikwa na degedege saa nne usiku, atakwenda wapi? Jibu la Manispaa ya Mtwara Mikindani ni jepesi, kwa sababu ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa pale Ligula na ipo Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo. Kwa Manispaa ya Lindi ipo Sokoine. Mtumishi wa Masasi ana Mkomaindo, na akitoka kidogo anafika Hospitali ya Mtakatifu Benedikto, Ndanda. Aliyeko Mtama ana Nyangao karibu. Ugumu unaanza kwa mtendaji wa kata iliyo ndani kabisa ya Liwale au kijiji cha Nanyumbu kinachopakana na Mto Ruvuma, ambako kituo cha kwanza ni zahanati ya serikali na cha pili ni kituo cha afya kinachofikiwa kwa pikipiki. Kampuni isiyo na mkataba na zahanati hiyo haimsaidii mtumishi huyo, hata kama ina mikataba na hospitali 40 za Dar es Salaam.

Kwa hiyo badala ya kuiomba kampuni orodha ya vituo vyake, ipe wewe orodha ya vituo unavyovitaka. Andika kwa majina zahanati, vituo vya afya, hospitali na maduka ya dawa ambayo watumishi wako wanayafikia, kisha itake kampuni ioneshe uthibitisho wa mkataba hai na kila kimoja. Kampuni nyingi zitajibu kwamba zitaingia mikataba hiyo baada ya kushinda zabuni. Jibu hilo lipokee kwa tahadhari, na ukilikubali, weka tarehe ya mwisho ndani ya mkataba, pamoja na adhabu ya kuivuka.

Baada ya hapo funga safari. Nenda kwenye dirisha la bima la angalau hospitali 4 kati ya zile muhimu kwa watumishi wako, ujitambulishe kwa mganga mfawidhi kwa barua ya mkurugenzi, halafu ukae na mtu anayeandaa madai. Huyu ndiye mtu anayeijua kampuni ya bima kuliko meneja wake wa masoko. Muulize madai ya mwezi gani ndiyo yaliyolipwa mwisho, kwa sababu tarehe hiyo peke yake inaeleza hali ya kampuni. Muulize ni madai ya aina gani yanayokatwa na kwa sababu gani, kwa kuwa kampuni inayokata madai hovyo huifanya hospitali imwone mgonjwa mwenye kadi yake kuwa mzigo. Muulize kibali cha kulaza au kupasua kinachukua muda gani, na kama simu ya kampuni inapokewa usiku na siku za sikukuu. Nilipofanya hivi mara ya kwanza, mhasibu mmoja wa hospitali alinifungulia daftari lake lenye safu za kalamu nyekundu, akaniwekea kidole kwenye tarehe bila kutaja jina la mtu. Dakika 10 za daftari lile zilinifundisha mambo ambayo wasilisho la saa mbili kwenye ukumbi wa halmashauri halikuyagusa.

Usidhani jambo hili linahusu kampuni ndogo tu. Machi 2024, NHIF ilipoanza kutumia kitita chake kipya cha mafao, baadhi ya hospitali binafsi nchini zilisitisha kwa muda kuwahudumia wanachama wake kwa sababu ya kutokubaliana kuhusu viwango vya malipo. Uhusiano kati ya mlipaji na hospitali unaweza kuharibika kwa yeyote, na halmashauri yenye busara huwa imekwisha kujua mtumishi wake atakwenda wapi ikitokea hivyo.

Dawa zinahitaji swali lake. Mtumishi anaweza kumwona daktari vizuri, akafanyiwa vipimo vizuri, kisha akaambiwa dawa moja haipo, akanunue nje. Kama kampuni haina duka la dawa la mkataba katika mji huo, gharama inamrudia yeye. Omba majina ya maduka ya dawa kwa kila wilaya, usiridhike na la mjini Mtwara peke yake.

Halafu kuna rufaa. Saratani huelekezwa Ocean Road, magonjwa ya moyo Taasisi ya Jakaya Kikwete, ubongo na mifupa MOI, yaani Taasisi ya Mifupa Muhimbili, na zote hizo ziko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kutoka Mtwara mjini. Mei 2024, mvua zilizoandamana na kimbunga Hidaya ziliikata barabara kuu maeneo ya Somanga, wilayani Kilwa, na kwa siku kadhaa magari hayakupita. Aliyekuwa na mgonjwa wa rufaa wakati ule anaelewa kwa nini ninasisitiza maswali haya: je, bima inalipia gari la wagonjwa kutoka hospitali ya wilaya hadi ya mkoa, na kutoka mkoa hadi Dar es Salaam? Inalipia ndege endapo barabara haipitiki? Nauli ya msindikizaji ni ya nani? Inakubali huduma ifanyike Mitengo pale ambapo bingwa yupo, badala ya kumlazimisha mgonjwa asafiri? Majibu yawe ya maandishi.

Soma mafao kwa jicho la mgonjwa wa kusini

Mafao huandikwa kwa namna inayofanana kutoka kampuni moja hadi nyingine, na msomaji huchoka akiwa ukurasa wa tatu. Ninashauri uache kuyasoma kwa mpangilio wa kampuni, uyasome kwa mpangilio wa magonjwa yetu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 uliiweka Mtwara miongoni mwa mikoa yenye maambukizi makubwa ya malaria nchini, kwa hiyo huduma za mgonjwa wa nje zitatumika sana, na kikomo kidogo cha huduma hizo kitakwisha kabla mwaka haujafika nusu. Msimu wa kupuliza salfa mikorosho huleta maradhi ya macho na vifua kwa watumishi ambao wote, ukiwauliza, wana shamba mahali fulani. Busha bado lipo katika ukanda wetu wa pwani, na wapo watumishi wanaoishi nalo kimyakimya. Hakikisha upasuaji wake haumo kwenye orodha ya visivyolipiwa kwa kisingizio kwamba si wa dharura.

Tazama kikomo kimewekwa kwa mtu au kwa familia. Kikomo cha familia chenye tarakimu kubwa kinavutia, lakini mtoto mmoja mwenye selimundu anaweza kukitumia chote, wadogo zake wakabaki bila kitu. Tazama uzazi: je, kuna kipindi cha kusubiri kabla ya kulipiwa, upasuaji una kikomo chake peke yake, na mtoto mchanga anahudumiwa kwa kadi ya nani kabla hajasajiliwa? Tazama magonjwa ya muda mrefu kama kisukari na shinikizo la damu, hasa pale kampuni inapoandika kwamba hailipii ugonjwa uliokuwapo kabla ya bima. Kwa kundi kubwa la waajiriwa wanaoingia kwa pamoja sharti hilo linaweza kuondolewa kwa majadiliano, na kwa maoni yangu halmashauri isikubali kusaini likiwamo, kwa sababu linawatoa nje watu walewale wanaoihitaji bima zaidi.

Miwani na meno visikupotezee muda mwingi. Vina kikomo kidogo kila mahali.

Mara kwa mara utasikia mtu kwenye kikao akipendekeza watumishi wa mkataba wakatiwe CHF iliyoboreshwa, yaani bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii, ambayo kwa miaka mingi kaya ya watu 6 imelipia shilingi 30,000 kwa mwaka, ili fedha ziokolewe. CHF imewasaidia wakulima wengi na ninaiheshimu, lakini ilibuniwa kwa ajili ya kaya za sekta isiyo rasmi. Mwajiri anayemtuma dereva Dodoma kila mwezi anawajibika kumpa bima inayomfuata Dodoma.

Hesabu ya fedha na msimu wa korosho

Linganisha ada kwa kichwa cha mnufaika, usilinganishe kwa mtumishi. Chukua mfano wa mtumishi mwenye mshahara wa shilingi 400,000. Kwa utaratibu wa asilimia 6, mchango wake ni shilingi 24,000 kwa mwezi, yaani 12,000 kutoka kwake na 12,000 kutoka kwa mwajiri, sawa na shilingi 288,000 kwa mwaka. Akiwa na familia kamili ya watu 6, hiyo ni shilingi 48,000 kwa kila mtu. Sasa chukua kampuni inayotoza, tuseme, shilingi 300,000 kwa kila mnufaika kwa mwaka: familia ileile inagharimu shilingi 1,800,000. Huenda kampuni hiyo inatoa huduma ya haraka zaidi na wodi nzuri zaidi, lakini baraza la madiwani lina haki ya kuiona tofauti hiyo kwa tarakimu kabla ya kuamua, na wewe ndiye unayepaswa kuiweka mbele yao.

Suala la pili ni wakati wa malipo, na hapa ndipo halmashauri zetu hukwama. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Mapato ya ndani ya Tandahimba, Newala, Masasi, Nachingwea au Ruangwa yanategemea sana ushuru wa korosho, na minada ya vyama vikuu vya ushirika vya TANECU, MAMCU, RUNALI na Lindi Mwambao huanza kuleta fedha kuanzia Oktoba. Katika bima ya kampuni, ada isipolipwa, kinga haipo. Hakuna kampuni itakayolipa hospitali kwa sababu halmashauri iliahidi kulipa korosho zikiuzwa. Nimeshuhudia mkataba uliosainiwa Julai ukakaa bila uhai hadi Novemba, watumishi wakiwa na kadi mifukoni ambazo hazikufungua mlango wowote, na makosa yalikuwa yetu. Zipo njia mbili za kuliepuka hilo. Ya kwanza ni kuufanya mwaka wa bima uanze Novemba au Desemba, mapato yanapokuwa yamefika. Ya pili ni kulipa kwa awamu za robo mwaka, fedha ya robo ya kwanza ikiwa imetengwa kutoka mwaka uliotangulia kwa kufuata taratibu za fedha. Mimi ninapendelea ya kwanza kwa sababu haitegemei kumbukumbu ya mtu.

Uliza pia ada ya mwaka wa pili itapangwaje. Kampuni inaweza kuingia kwa bei ya chini, kisha ikaipandisha mara moja kwa maelezo kwamba madai yalizidi makadirio. Itake iandike mapema kanuni ya kupandisha ada kwa kuzingatia uwiano wa madai na ada iliyolipwa, na ikupe taarifa ya madai kila robo mwaka ili mwisho wa mwaka usishtukizwe.

Zabuni

Huduma hii iingizwe kwenye Mpango wa Ununuzi wa Mwaka na zabuni yake ipite kwenye NeST, mfumo wa ununuzi wa umma kwa mtandao, kama Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 inavyotaka. Wewe ni idara tumizi: unaandaa mahitaji, na Kitengo cha Usimamizi wa Ununuzi kinaendesha mchakato hadi Bodi ya Zabuni. Jambo la kukumbuka ni kwamba Kamati ya Tathmini haiwezi kutumia kigezo ambacho hakikuandikwa kwenye nyaraka za zabuni. Hayo yote uliyoyakusanya madirishani hayatakusaidia kitu ikiwa hayakugeuzwa kuwa masharti yanayopimika. Usiandike "mtandao mpana wa vituo". Andika majina ya vituo, na useme kwamba kampuni isiyo na mkataba na idadi fulani ya vituo hivyo haitavuka hatua ya tathmini ya kiufundi. Usiandike "malipo ya haraka kwa hospitali". Taka barua kutoka hospitali tatu za Mtwara au Lindi zinazoeleza hali ya malipo ya kampuni katika miezi 12 iliyopita. Masharti ya namna hiyo yakiwamo, bei ndogo haiwezi kuinua kampuni isiyofaa.

Leseni ya kampuni ihakikiwe kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, na uhakikishe leseni hiyo inahusu bima ya afya. Ukitumia dalali wa bima, naye awe na leseni, na umuulize waziwazi kamisheni yake inatoka wapi. Uliza pia bima mtawanyo ya kampuni, yaani nani anaibebea mzigo pale madai yanapokuwa makubwa kuliko uwezo wake. Mjumbe wa kamati mwenye ndugu au mkopo katika kampuni mojawapo atangaze hivyo na ajitoe. Chakula cha mchana kinachotolewa na kampuni wakati zabuni iko wazi kikataliwe kwa heshima, hata kama ni pilau tu la wageni.

Kabla nyaraka hazijatangazwa, peleka rasimu ya mahitaji kwenye Baraza la Wafanyakazi na uwashirikishe wawakilishi wa TALGWU, chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa, na vyama vingine vilivyomo. Watakwambia mambo ambayo hukuyafikiria. Mlinzi mmoja aliwahi kutuuliza kama kadi itafanya kazi siku ya mwisho wa wiki, kwa kuwa yeye hupumzika Jumanne na mwisho wa wiki yuko kazini, na swali lake likawa sharti namba 9 la zabuni yetu.

Mkataba na miezi ya mwanzo

Mwanasheria wa halmashauri ausome mkataba wote, lakini wewe mwenyewe simamia vipengele vichache visipotee njiani. Kituo kikiondolewa kwenye orodha, halmashauri ijulishwe kwa maandishi angalau siku 30 kabla, na kingine cha ngazi hiyohiyo kiwekwe katika wilaya hiyohiyo. Mtumishi mpya aongezwe ndani ya siku zilizotajwa. Sheria ikibadilika na watumishi hawa wakahamia kwenye skimu ya umma kabla mwaka wa bima haujaisha, sehemu ya ada isiyotumika irudishwe; kwa wakati huu tulionao, kipengele hiki si cha kuachwa. Taarifa za madai zije bila majina na bila kumtaja mgonjwa, kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazilinda taarifa za afya kwa namna ya pekee, na mkuu wa idara hana sababu ya kujua dereva wake anatumia dawa gani.

Kadi zikishatolewa, usingoje malalamiko. Wiki ya kwanza mwombe mtumishi mmoja katika kila tarafa aende kwenye kituo chake na kadi, aulize tu kama inasomeka, kisha akupigie simu. Wiki ile ndiyo yenye majina yaliyokosewa, watoto waliosahaulika na vituo ambavyo havijapata barua. Weka daftari la malalamiko ofisini, andika tarehe, kituo na tatizo, na nakala yake uipeleke kwa kampuni kila mwezi kwa barua rasmi. Tatizo lisilotatuliwa lina ngazi zake: kampuni kwanza, kisha TIRA, na upo pia usuluhishi wa migogoro ya bima. Mtumishi wa kawaida hazijui ngazi hizo, kwa hiyo zibandike kwenye ubao wa matangazo pamoja na namba ya simu ya mtu anayepokea usiku.

Kipengele cha mwisho kinahusu siku ambayo bima inakwisha. Mgonjwa aliyelazwa Ndanda tarehe 28 hatakuwa amepona kwa sababu tu mkataba unakoma tarehe 30. Iandikwe kwamba aliyelazwa kabla ya ukomo analipiwa mpaka atakaporuhusiwa, hata kama halmashauri imehamia kampuni nyingine, na kwamba mama aliyekuwa akihudhuria kliniki chini ya kampuni ya zamani anapokelewa na kampuni mpya bila kuanza upya kipindi cha kusubiri. Kisha, siku 14 kabla ya ukomo, pigia simu kila hospitali iliyoko kwenye orodha yako, uulize kama kuna mtumishi wako wodini, uandike jina la wodi, na umjulishe mke au mume wake kwamba ofisi inafahamu.